Senti Ndani ya Jiwe la Robo

Jiwe la robo lilianguka kwa sababu Dada Duka alitaka kubeba kila kitu kwa mkupuo mmoja, tabia ambayo mama yake amemgombeza nayo tangu akiwa mtoto na ambayo hajaonyesha dalili ya kuiacha. Alikuwa amekumbatia mizani ya zamani ya marehemu baba yake, sahani zikining'inia na kumgonga kiunoni, na mawe ya kupimia ameyafungia kwenye upindo wa gauni. Kilo ikatulia. Nusu ikatulia. Robo ikachomoka, ikapiga sakafu ya saruji na kubiringika hadi chini ya gunia la mchele.

Mizani yenyewe haikuwa na kazi tena. Kwenye kaunta ilikaa nyingine, ya betri, yenye namba nyekundu zinazopepesa. Lakini siku hiyo lilikuwa linachorwa bango jipya la duka, na Dada Duka alitaka ile ya zamani ikae dirishani, chini ya bango, ili kila apitaye akumbuke nani alisimama hapo kabla yake.

Nje, juu ya ngazi, alikuwepo mchoraji. Watu walimwita Rangi Mbili kwa sababu hajawahi kuonekana na ya tatu. Alikuwa amekwisha kupiga S na A, nyekundu, kubwa, na sasa alikuwa anaivuta W huku ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Neno zima lingekuwa SAWASAWA, upana wote wa duka. Ndilo lilikuwa jina la baba mtaani. Akishapima alikuwa anainua viganja vyote viwili juu, mbali na mizani, kama mtu aliyekamatwa na polisi, kisha anamuuliza mteja, "Sawasawa?" Mteja asipojibu "sawasawa", sukari haitoki kwenye sahani. Akishajibu, baba alichota nyongeza kwa vidole na kuitupia juu. Nyongeza hiyo iliwatoa watu mitaa ya mbali, wakapita maduka mengine bila kugeuza shingo.

Dada Duka aliinama kulitafuta jiwe. Akalipata, na pembeni yake akakuta kitu kingine ambacho hakukijua: senti ya zamani ya shaba, iliyopakwa kitu cheusi kama masizi, nyembamba ajabu. Aliishika ukingoni, akaona inamkalia mkononi kama ukucha. Senti za namna ile alizikumbuka. Zilikuwa nene, zikijaza mfuko na kutoboa. Hii ingeweza kupita chini ya mlango.

Akaligeuza jiwe. Chini yake palikuwa na shimo. Mawe yote ya chuma huwa nalo, hujazwa madini ya risasi ili uzito ukae barabara. Lakini risasi ya jiwe hili ilikuwa imechimbwa. Alama za kisu zilionekana wazi, zimekwenda ovyo ovyo. Juu yake palibaki vipande vya nta nyeusi, iliyoshika senti mahali pake miaka yote hiyo na kulifanya tako la jiwe lionekane zima.

Akalitia jiwe mfukoni.

Mtu aliyekulia dukani haelezwi mambo haya. Anajua gundi ya chini ya sahani, anajua sumaku, anajua kidole kinachosahaulika juu ya mzani. Kitu kilichofichwa ndani ya jiwe la kupimia hakikufichwa kwa heri. Akatazama nje kupitia dirishani, akaziona zile herufi nyekundu, akahisi uso umemuwaka.

"Rangi Mbili!" akaita. "Simama kwanza!"

"Nisimame mara ngapi, dada yangu? Niko juu ya ngazi."

"Acha kuchora, nakwambia."

"Rangi inakauka."

"Ikauke!"

Akaiweka senti juu ya redio. Ilikuwa redio kubwa ya mbao iliyokaa rafu ya juu tangu yeye ni mdogo, ambayo baba aliinunua kwa mbwembwe nyingi kisha karibu asiisikilize. Akaitoa senti hapo, akaitia kwenye droo ya chenji. Akaogopa itachanganyika na nyingine, akaitoa tena. Akaja mteja, mama mmoja mwenye haraka, akataka sukari nusu. Akapimiwa chumvi.

"We Dada Duka, umeamkaje leo? Mume wangu atakunywa hiyo chai?"

"Samahani, dada. Samahani sana." Akaimwaga, akapima upya, akaongeza nyongeza mara mbili, moja ya desturi na moja ya aibu. Na hapo hapo akajiuliza hiyo desturi ilitoka wapi. Mtu anayekupunja kwa mkono wa kushoto kisha akakutupia punje kwa mkono wa kulia, huyo si ndiye anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa?

Kilichomchoma zaidi ni neno moja. Siku za mwisho za ugonjwa wake, baba alimwita asubuhi, mama akiwa hayupo chumbani, akamwambia amletee jiwe la robo. Si maji, si dawa, jiwe. Akaenda akalileta. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza chini juu, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa, akalipimapima kiganjani kwa muda mrefu. Kisha akalirudisha na kusema, "Mwambie mama yako jiwe liko sawasawa." Yeye akadhani ni homa inasema. Nani angeenda kumsumbua mama, aliyekuwa hali wala halali, kwa habari za mawe ya mizani? Akalirudisha jiwe dukani, na siku mbili tatu baadaye wakamzika.

Sasa maneno yale yalimrudia yakiwa na sura nyingine. Liko sawasawa maana yake nini? Kwamba siri imekaa vizuri? Kwamba nta haijabanduka? Na kwa nini aambiwe mama? Basi na mama alikuwemo. Wote wawili! Mama yuko hapo nyuma, uani, hatua chache tu kutoka kaunta, na Dada Duka hakuthubutu kwenda kumuuliza, kwa sababu akijibu ndiyo, atakuwa amewapoteza wazazi wote kwa siku moja.

Akavuka barabara kwenda kwa sonara.

Sonara alikuwa mzee mwembamba mwenye kibanda chenye dirisha la nondo, jirani wa tangu enzi. Alikuwa na kawaida ya kuzungumza na kitu kabla hajazungumza na mwenye kitu. Akaipokea senti, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akabana kioo cha kukuzia kwenye jicho.

"Haya, mama mdogo," akaiambia senti, "nani amekukondesha?"

"Pengine ilitoka kiwandani hivyo," Dada Duka akadakia. Alikuwa hakai. Aliegemea mlango, akauacha, akashika nondo, akaziacha. "Si hutokea? Mtambo unakosea, bati linapita jembamba?"

"Hutokea. Lakini ingekuwa hivyo, sura zote mbili zingefifia, maana shaba isingetosha kujaza muhuri. Tazama. Upande huu maandishi yamesimama, unaweza kuyasoma kwa kidole. Upande wa pili kipara."

"Tindikali?"

"Tindikali haichagui upande. Ingekula na ukingo, ungeuona umeliwa kama mkate uliopitiwa na panya." Akaigeuzageuza. "Wala haikulikia mfukoni. Mfuko unalainisha pande zote. Hii imesagwa, mwanangu. Imesuguliwa juu ya jiwe, kwa mviringo, kwa mkono. Alama hizi nyingine ni za zamani kuliko hizi. Alisugua, akaacha, akarudi akasugua tena. Mtu huyu alikuwa anatafuta kitu."

"Anatafuta nini?"

"Hilo nitajuaje mimi? Ilikuwa wapi?"

Dada Duka akasita. Akipiga hatua hiyo, hakuna kurudi. Sonara alikuwa rafiki wa baba yake, alibeba jeneza. Lakini kukaa na jambo hilo kifuani kulikuwa kunamtia kichaa. Akatoa jiwe mfukoni, akaliweka mezani likiwa limelalia ubavu, shimo likimtazama mzee.

Sonara akalivuta jiwe karibu. Akatazama shimo, akatazama senti, akamtazama binti ya rafiki yake. Kisha akavuta mzani wake wa kazi na robo yake mwenyewe, ya shaba, yenye muhuri, iliyong'aa kama jino la dhahabu. Akaweka robo yake huku, jiwe huku. Jiwe likapanda juu. Lilikuwa jepesi.

"Limepunjwa," akasema polepole.

"Basi." Machozi yalimlenga. "Basi, baba mdogo, nimeelewa. Nipe niende zangu."

"Wewe, hebu tulia! Una haraka ya kwenda kulia?" Akachukua ile senti nyembamba kwa koleo ndogo, akaitua juu ya jiwe kama mtu anayemlaza mtoto. Mkono wa mzani ukashuka, ukatikisika, ukashuka tena, na ukasimama. Wakasubiri. Haukwenda juu wala chini.

"Umeona?" Sonara akavua kioo jichoni. "Senti nzima ingezidisha. Ndiyo maana ilisagwa. Ilipunguzwa hadi ikalingana na kile kilichochimbwa, basi. Hapa pana mikono miwili. Mmoja ulichimba kwa kisu, vurugu tupu, haraka haraka. Wa pili ulirudisha, na huo ulikuwa na subira ya ajabu."

"Pengine ni mtu mmoja. Alikosea, akajuta, akarudisha."

"Pengine." Sonara akakuna kidevu. "Baba yako aliwahi kumenya chungwa mbele yako?"

Dada Duka akacheka bila kutaka. Baba alikuwa analimenya chungwa hadi linabaki kama limechezewa mpira. Kifundo cha kamba hakuwahi kukifungua, alikikata. Huyo ndiye aliyechimba, hilo lilimwuma na likaendelea kumwuma, lakini huyo hakuisaga senti.

Alipovuka kurudi, Rangi Mbili alikuwa ameshuka, amekaa kwenye ndoo, anakula karanga. Juu yake bango lilisomeka SAWA, kisha nafasi tupu.

"Nilikwambia uache!"

"Mkono ulikuwa umeshaanza. Nimemaliza sawa moja, imebaki nyingine. Nimalizie au nifute? Maana kufuta nako kuna kazi yake."

"Ningoje."

"Nitakungoja, lakini karanga zinaisha."

Akapita ndani ya duka, akatokea uani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Tangu mazishi, mama hakuwa amekanyaga dukani. Akitaka kutoka, alizunguka kwa kichochoro cha pembeni, hata mvua inyeshe. Watu walisema ni majonzi, na Dada Duka alisema hivyo hivyo. Mbele ya miguu ya mama kilikuwa kizingiti cha jiwe cha mlango wa jikoni, na kwenye kona ya kizingiti palikuwa na kibonde laini ambacho yeye mwenyewe, utotoni, alikuwa anakijaza maji na kuweka vyura.

Hakujua aanzeje. Akaitupa senti kwenye ungo, katikati ya maharage.

Mkono wa mama ukasimama. Kisha ukaanza tena, ukachambua harage moja, la pili, ukaifikia senti, ukaiokota.

"Imetokaje?"

"Jiwe limeanguka."

"Wewe na kubeba kila kitu kwa pamoja." Lakini sauti haikuwa ya kugomba. "Umemwonyesha nani?"

"Sonara. Mama, baba aliiba?"

Mama akaweka ungo chini.

"Alitaka redio," akasema. "Usije ukafikiri ni njaa, au mtoto mgonjwa. Nimetafuta kisingizio kizuri zaidi, sijakipata. Mwenye duka la kona alikuwa na redio, na baba yako roho ikamdondoka. Siku moja nakata kitunguu, naona kisu changu kina risasi kwenye meno. Kisu changu cha jikoni! Nikaenda kupekua mawe usiku ule ule, nikaona alichofanya. Ameziba na lami, kazi ya hovyo, mtoto angeijua."

"Ukamwambia?"

"Nimwambie nini? Ungemjua wakati ule. Angekana, tungegombana, angechimba na nusu kwa hasira. Nikasema ngoja. Nikatafuta senti, zilikuwa zimeshakataliwa madukani, zimejaa kwenye kopo. Nikaazima robo ya Sonara, nikamdanganya ni ya kupimia dawa ya mitishamba. Nikaweka senti kabla hajafungua duka, ikazidi, lakini bora izidi kuliko ipungue. Nikaisugua hapo," akaonyesha kizingiti kwa kidole cha mguu, "nikaijaribu, imezidi. Nikasugua tena. Kila akitoka kwenda kuleta mzigo, mimi hapo chini. Majirani wakaniuliza, nikawaambia nanoa kisu. Wakasema mke wa Sawasawa ana visu vikali kweli kweli. Ilipolingana nikaifukia kwa nta ya mshumaa na masizi, ifanane na lami yake."

Dada Duka akakaa chini, sakafuni.

"Kwa hiyo hakuiba."

"Hakuiba hata punje. Ila yeye hakujua." Mama akafunga macho. "Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Redio akainunua kwa faida halali, na kila akiiwasha anajiona mwizi. Akaanza nyongeza. Hakuwa na nyongeza zamani, muulize yeyote. Alianza baada ya redio. Nikamwona anaongeza, anaongeza, na wateja wanajaa, na yeye anakuwa mtu mwema mbele ya macho yangu. Nikasema nikimwambia ataacha. Basi nikanyamaza. Mwaka ukapita, na mwingine, jambo likaota mizizi. Utaliondoaje?"

"Miaka yote hiyo, mama? Ukamwacha anajiita mwizi?"

"Miaka yote."

Dada Duka alikasirika, na hakuificha. Alimwambia mama kwamba huo haukuwa wema, ulikuwa ukatili wa chini chini. Mama hakujitetea. Alikuwa anaigeuza senti, upande wenye maandishi, upande wenye kipara.

"Nilimwambia mwisho," akasema. "Alipolala kitandani, nikaona asiondoke na mzigo usio wake. Usiku mmoja nikamweleza yote, kisu, senti, kizingiti. Nilidhani atafurahi. Akanitazama, halafu akageukia ukutani. Akanipa mgongo, mwanangu. Nikatoka nje, nikalia bafuni mpaka kunakucha ili usinisikie. Hakunizungumzia tena habari hiyo, na nguvu za kuzungumza zikamwisha. Mtu nimeishi naye maisha yangu yote, akaniaga kwa mgongo. Ndiyo maana siingii huko dukani. Nitaitazamaje ile mizani?"

Kitu kikaporomoka ndani ya Dada Duka. Akasogea mpaka kwenye magoti ya mama.

"Asubuhi yake," akasema. "Mama, asubuhi ile wewe ulikuwa nje. Aliniita. Akataka nimletee robo."

Mama akainua uso.

"Nikampa. Akaigeuza, akaikwaruza nta kwa ukucha, akainusa. Akaipima mkononi. Akaniambia nikwambie..." Akaitazama senti mkononi mwa mama. "Mimi nikadhani ni homa. Mama, mimi nilidhani anaweweseka, nikasema nisikusumbue. Alinituma kwako, na mimi sikuja. Mwaka mzima!"

"Alikutuma useme nini?"

"Mwambie mama yako jiwe liko sawasawa."

Kuku wa jirani walikuwa wanagombania kitu nyuma ya ukuta. Mama alimkazia macho binti yake kama mteja asiyeuamini mzani.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Kwa sauti gani?"

Dada Duka akafumba macho kuitafuta. Alikuwa ameisikia sauti ile maisha yake yote, viganja juu, kichwa kimeinamia upande, ikimngoja mtu mwingine aseme ndiyo.

"Ile ya dukani?" mama akauliza. "Ile ya kumuuliza mteja?"

"Hapana," akasema. "Ya kujibu."

Mama akajifunika uso kwa upande wa kanga. Mabega yalimtikisika muda mrefu, na Dada Duka akamkumbatia magoti, akawa anaomba radhi, anarudia, mpaka mama akampiga kofi dogo la begani na kumwambia inatosha, maharage yatalowa.

"Dada Duka!" Rangi Mbili akapaza sauti kutoka barabarani. "Karanga zimekwisha! Nimalizie ama nifute?"

Mama akasimama. Akajifuta macho, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaikunja senti ndani ya kiganja. Kisha hakuelekea kichochoroni. Akaingia kwa mlango wa nyuma wa duka, akapita magunia na kaunta na ile mizani ya betri, bila kuharakisha, akigusa kila kitu kwa ncha za vidole. Kwenye mizani ya zamani akasimama kidogo. Akaiweka senti sahanini, sahani ikazama, akaitazama inavyozama.

"Kanitafutie mshumaa," akamwambia binti yake, "na masizi ya sufuria. Tuirudishe kwenye jiwe lake."

Akatoka nje, akainua kichwa na kulisoma lile bango nusu. Rangi Mbili akavua kofia haraka, kwa sababu hakuwa amemwona hapo mwaka mzima.

"Malizia," mama akasema. "Lakini hiyo W yako imelalia upande. Inyooshe kwanza."

Rangi Mbili akachukua brashi na kupanda ngazi.